Kijana, Mfunge Mbwa Wako!

Vijana, leo hatumung'unyi maneno. Msitu wa Karura mnaoingia Jumapili na mbwa wenu haukuokolewa na vigogo. Vigogo ndio waliotaka kuugawana! Januari 8, 1999 Wangari Maathai alipigwa na wahuni hadi akatokwa na damu kichwani, kisa kupanda mti. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani, wakala marungu.

Leo wewe unamfungulia mbwa mle mle. Kanuni ya Karura ni mbwa kufungwa kamba. Unasema wako haumi. Nani amekuuliza? Paa wa humo ana kilo 5 hivi, na mtoto wake hakimbii. Hulala kimya kichakani akimngoja mama. Pua ya mbwa itamfikia kabla hujapiga mluzi. Paa mkubwa naye akikimbizwa sana aweza kufa kwa kuishiwa nguvu tu, bila kung'atwa.

Na ukimwona tajiri ameshuka garini na kuachia majibwa matatu, usimwogope. Mwambie ayafunge. Ila wako awe tayari kambani.