Tunayoyatazama Baada ya Isha

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake.

Katika jarida letu tumezoea kuandika juu ya sala, adabu za kutafuta elimu na haki za wazazi. Mwaka huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo huenda majumbani mwetu linachukua muda mrefu kuliko hayo yote, nalo ni filamu na tamthilia. Hatuandiki kama wajuzi wa sinema. Sisi ni watazamaji wa kawaida, tunaokaa mkekani na watoto baada ya Isha kama mnavyokaa nyinyi. Wala hatutoi fatwa, kwani fatwa ina wenyewe. Haya ni maoni yetu, na atakayeona tumekosea atusahihishe.

Kilichotusukuma kuandika ni swali tulilouliza darasani. Tuliwataka wanafunzi wataje masahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Mwanafunzi mmoja, kijana mwerevu, alifika wa nne akakwama. Tukamsaidia, akafika wa sita, akakwama tena. Mwenzake akamtania, "Muulize wa Ertugrul!" Basi hapo ulimi ukafunguka: Turgut, Bamsi, Dogan, na wengine ambao hata sisi tulikuwa tumewasahau. Darasa zima likacheka. Sisi pia tulicheka, lakini tuliporudi nyumbani tulijiuliza: nani anawafundisha watoto wetu tarehe ya Uislamu, ni sisi au ni runinga?

ERTUGRUL NA SULTANI

Tuanze na hiyo tamthilia ya Ertugrul, maana ndiyo iliyowateka wengi. Ilitengenezwa Uturuki na kuonyeshwa huko kuanzia mwaka 2014 hadi 2019, kisha ikatiwa sauti za Kiswahili na kuingia majumbani mwetu. Hatutakuwa wachoyo wa sifa. Ndani yake mna watu wanaosali, wanaowaheshimu wazee wao, wanaosema Bismillahi kabla ya jambo, na wanaokufa wakiitetea dini. Mtoto wa Kiislamu aliyezoea kuona katika sinema kwamba mwenye kilemba siku zote ndiye mtu mbaya, hapa anamwona mwenye kilemba akiwa shujaa. Hilo si jambo dogo.

Lakini tusichanganye tamthilia na tarehe. Habari za kweli za Ertugrul, baba yake Osman aliyeasisi dola ya Uthmaniya, ni chache mno. Wanahistoria wanajua kuwa alikuwepo, kwani jina lake limo katika sarafu ya mwanawe. Mengi ya mnayoyaona yametungwa na waandishi wa mchezo. Bamsi ni mtu wa ngano za kale za Waturuki. Mwanafunzi mwingine alituambia, "Ustadh, si Ibn Arabi ndiye aliyekuwa shekhe wake Ertugrul?" Ibn Arabi alikuwepo kweli. Alizaliwa Murcia katika Andalus mwaka 1165 na akafariki Damascus mwaka 1240. Lakini kwamba walikutana, akamwombea dua na kumtoa katika mitego ya maadui, hilo halina ushahidi. Ni kazi ya mwandishi.

Kuna na hesabu nyingine. Tamthilia hiyo kama ilivyoonyeshwa Uturuki ina sehemu 150, na kila sehemu ni karibu saa mbili. Hizo ni kama saa 300. Mwanafunzi anayehifadhi Qur'ani nusu saa kila siku atazimaliza saa hizo kwa siku 600, yaani mwaka mmoja na miezi minane. Hatusemi kila saa ya mapumziko ni hasara. Tunasema tujue tunalipa nini.

Ile nyingine, ya Sultani Suleiman, iliyotengenezwa kati ya 2011 na 2014, maoni yetu juu yake ni makali zaidi. Suleiman alitawala miaka 46, akaweka sheria hata watu wake wakamwita Kanuni, na msikiti wake wa Süleymaniye uliokamilika mwaka 1557 bado unasaliwa Istanbul hadi leo. Aliyetazama tamthilia ile anajua nini katika hayo? Anajua fitina za wake na vijakazi, sumu katika vikombe, na nani kamwonea wivu nani. Hata Waturuki wenyewe waligombana juu yake, na mwaka 2012 Erdoğan, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliilaumu hadharani. Mama zetu, mtuwie radhi, lakini mtoto wa miaka minane anayekaa pembeni wakati mnaitazama anajifunza kuwa nyumba ya mtawala wa Kiislamu ilikuwa nyumba ya kusengenyana.

RISALA NA UMAR

Wazazi wengi wa umri wetu walilelewa na filamu ya Risala ya Moustapha Akkad, ya mwaka 1976. Tuliitazama katika mikanda ya video, sikukuu, watoto ishirini chumba kimoja. Akkad alitengeneza filamu mbili kwa pamoja: ya Kiingereza, ambamo Anthony Quinn aliigiza kama Sayyidna Hamza, na ya Kiarabu, ambamo nafasi hiyo aliichukua Abdullah Gaith. Mtume (S.A.W.) haonekani wala sauti yake haisikiki. Watu wanazungumza wakiielekea kamera, na mtazamaji anafahamu.

Filamu hii ina kisa ambacho kila Mwislamu angepaswa kukijua. Mwezi Machi 1977, kundi la Waislamu wenye silaha liliteka watu zaidi ya 100 katika majengo matatu jijini Washington, Marekani. Miongoni mwa madai yao ni kuwa filamu hiyo izuiwe, kwa kuamini kuwa inamwonyesha Mtume. Haimwonyeshi. Watu walikufa kwa jambo ambalo halikuwemo ndani ya filamu. Katika Suratul Israa, aya ya 36, tumekatazwa kufuata tusilo na ujuzi nalo, na tumeonywa kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Aya hiyo inamhusu mwenye kutazama ovyo, na inamhusu pia mwenye kuhukumu asichokitazama.

Juu ya tamthilia ya Umar iliyoonyeshwa Ramadhani ya mwaka 2012, maulamaa walikhitalifiana. Wapo waliokaa katika kamati ya kuipitia, akiwemo Sheikh Yusuf al-Qaradawi, na wapo walioikataa, ikiwemo Al-Azhar, kwa sababu inaonyesha nyuso za waigizaji kwa makhalifa wanne. Sisi hatuwezi kuamua baina ya milima hiyo. Tunasema tu tuliyoyaona katika nafsi zetu. Tuliitazama, na katika sehemu kadhaa tulilia. Lakini tangu siku ile, tukimtaja Sayyidna Umar (R.A.) darasani, sura ya kijana yule mwigizaji wa Syria inatujia mbele. Naye ni mwigizaji. Baada ya hapo ameigiza watu wengine, kwani ndiyo kazi yake. Kwa hiyo, kwa watoto wadogo tunaona bora wamjue Umar kwanza kwa kusikia na kusoma, kabla hawajapewa sura isiyokuwa yake.

MZEE WA MADRASA

Filamu nyingine ya Akkad ni ile ya Omar al-Mukhtar, iliyotoka mwaka 1981. Hii tunaipenda, na hatuoni haya kusema sababu: shujaa wake ni mwalimu wa madrasa. Omar al-Mukhtar alikuwa mwalimu wa Qur'ani huko Libya. Aliongoza mapambano dhidi ya Waitalia kwa karibu miaka ishirini, akanyongwa Septemba 1931 akiwa mzee wa zaidi ya miaka sabini. Katika filamu, wapiganaji wake wanataka kumuua mateka kwa kuwa Waitalia wanawaua mateka wao. Mzee anakataa, na kuwaambia kwa maana hii, kwamba hao si walimu wetu. Wanafunzi wetu, lishikeni neno hilo. Anayekutukana asiwe mwalimu wako wa matusi.

VIATU VYA ZAHRA

Sasa tufike kwenye filamu ambayo huenda wengi hamkuisikia. Inaitwa Watoto wa Mbinguni, ya Majid Majidi wa Iran, ya mwaka 1997. Haina upanga, haina farasi, haina sultani. Kijana Ali anapeleka viatu vya dada yake Zahra kwa fundi, na njiani wakati wa kurudi vinapotea. Baba yao ni fukara, mama ni mgonjwa, na watoto wanaogopa kuwaongezea mzigo. Wanakubaliana kutumia jozi moja ya viatu. Zahra anasoma asubuhi, Ali anasoma mchana, kwa hiyo kila siku Zahra hurudi mbio, wakabadilishana uchochoroni.

Siku moja Zahra anaviona viatu vyake miguuni mwa msichana mwingine. Yeye na kaka yake wanamfuata mpaka kwao ili wavidai. Wanachungulia, wanamwona baba wa yule msichana: ni kipofu. Wanatazamana, wanageuka, wanarudi nyumbani bila kusema neno.

Na kuna pale ambapo baba yao anavunja mabonge ya sukari. Zahra anamletea chai bila sukari. Baba anaiuliza sukari iko wapi, naye binti anashangaa, kwani mbele yake imejaa. Baba anamwambia hii ni ya msikiti, amepewa amana. Fukara yule ana sukari tele mbele yake, lakini haitii katika chai yake hata kipande.

Tulipoitazama nyumbani, binti yetu mdogo alituuliza, "Baba, kipande kimoja tu nani angejua?" Hatukuwahi kupata somo la amana lililoingia vizuri namna hiyo. Tuliongea mpaka akasinzia.

Baadhi ya wazazi watasema, mbona hiyo si filamu ya Kiislamu, na aliyeitengeneza ametoka Iran? Tunajibu kwa uwazi. Mtengenezaji huyohuyo mwaka 2015 alitoa filamu juu ya utoto wa Mtume (S.A.W.), Al-Azhar ikaikataa, nasi hatuipendekezi. Na huyo Akkad wa Risala alikuwa pia mtayarishaji wa sinema za kutisha za Halloween. Kwa hiyo tuitazame kazi yenyewe, tusihadaike na jina. Kilemba na panga havifanyi filamu kuwa ya Kiislamu. Kipande cha sukari ya msikiti kilichoachwa mahali pake kina Uislamu zaidi kuliko vita mia vya kutungwa.

KOSA LETU

Tungekuwa wanafiki kama tungeishia kuwalaumu wengine. Sisi wenyewe tulipoanza kuitazama Ertugrul tulijiambia tunaichunguza kwa ajili ya wanafunzi. Sehemu moja ikawa mbili, mbili zikawa tatu. Usiku mmoja tulizima runinga saa nane. Alfajiri ilitupita. Tulipoamka jua limeshatoka, tukakimbia madrasani, tukawakuta wanafunzi wa darasa la hifdhi wamekaa barazani, juzuu mapajani, mlango umefungwa. Mmoja akauliza kwa upole, "Ustadh, ulikuwa unaumwa?"

Hatukumjibu. Tulifungua mlango, tukamwambia asome. Swali hilo tumekaa nalo mpaka leo, na leo tunamjibu hapa mbele ya wazazi wake: hapana, mwanetu, hatukuwa tunaumwa. Tulikuwa tukitazama watu wanaoigiza kuipigania dini, na sala yenyewe ikatupita. Tunakuomba radhi wewe na wenzako.

Ndiyo maana hatumwamini mtu anayesema, "Waacheni watazame, hiyo ni ya Kiislamu." Inayokufanya ulale ukaikosa Alfajiri, hata kama ndani yake kuna adhana, imekudhuru.

NASAHA

Kwa hayo, tunashauri haya machache:

1. Sala na darsa za siku zitangulie, na runinga izimwe saa nne usiku. Tamthilia haikimbii.

2. Mtu mzima akae pamoja na watoto. Kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga.

3. Mkimaliza kutazama, ulizaneni: lipi katika haya ni la kweli, na lipi limetungwa? Kisha mfungue kitabu. Asiyejua aje madrasani atuulize.

4. Chagueni chache nzuri, mziache nyingi. Filamu moja ya saa moja na nusu mliyoizungumzia inatosha kuliko misimu mitano mliyoimeza.

Likizo ijayo, Inshaallah, tumekusudia kuwaonyesha wanafunzi filamu ya Watoto wa Mbinguni hapa madrasani, baada ya Asri, na wazazi mnakaribishwa. Kabla yake yule kijana wetu atasimama atutajie masahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Ameshafika wa tisa, na ametuahidi wa kumi.

Na nyinyi wanafunzi wa hifdhi, mkija Alfajiri mkaukuta mlango umefungwa, tunawapa ruhusa: msikae barazani kutusubiri. Njooni mtugongee.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu ayahifadhi macho yetu na ya watoto wetu, atujaalie kuwa miongoni mwa wanaosikiliza maneno wakafuata yaliyo bora. Amin.

Wabillahi tawfiq.