Chumvi Haivunji Maji

Ipo kauli iliyozoeleka mno katika vitabu vya kemia hata hakuna aihojiye: kwamba chumvi nyingine hujenga muundo wa maji, na nyingine huuvunja. Mwanafunzi huikariri, huiandika katika mtihani, hupewa alama zake, na shauri limekwisha. Mimi naishitaki kauli hiyo, maana yatangaza kuwa limeonekana jambo ambalo lilikisiwa tu.

Kilichoonekana ni hiki. Mwaka 1847 tabibu Mfaransa, Jean Poiseuille, aliyechunguza mwendo wa vimiminiko katika mirija myembamba ya kioo, alikuta kwamba chumvi hazina tabia moja. Nyingi huyaongezea maji mnato, yaani ule ukaidi wa kutiririka ambao asali inao kuliko maji. Lakini chache, kama nitreti ya potasiamu, huyafanya yapite upesi kuliko maji matupu. Mwaka 1929 Grinnell Jones na Malcolm Dole, Wamarekani waliopima kloridi ya bariamu, walitoa kanuni yenye kadiri iitwayo B, ambayo huonyesha chumvi fulani hupandisha mnato au huushusha. Katika joto la nyuzi 25 za Selsiasi, B ya chumvi yetu ya jikoni ni kama 0.08, ya iodidi ya potasiamu ni kama 0.075 chini ya sifuri. Vipimo hivyo ni vya kweli, wala sina ugomvi navyo.

Ugomvi wangu ni juu ya tafsiri. Wataalamu waliona maji yamekuwa mepesi, wakasema: basi nyumba imebomoka. Neno likapendeza, likaenea tangu mwaka 1945, na picha ikamea akilini mwa watu kwamba maji ni jengo la mawe na ioni ni nyundo. Jengo gani hilo? Vifungo vya haidrojeni viunganishavyo molekuli za maji hukatika na kufungwa tena katika muda wa sehemu moja hivi kati ya sehemu trilioni za sekunde. Maji hufanana na umati wa sokoni, ambamo kila mtu hushika mkono wa jirani na kuuachia papo hapo.

Ioni ya magnesiamu ni ndogo na chaji yake ya umeme imekusanyika pamoja. Huzivuta molekuli za jirani, nazo huielekezea upande wa oksijeni, na msafara huo wote huenda kwa uzito. Iodidi ni kubwa, mvuto wake ni dhaifu, na molekuli zilizo ubavuni mwake hugeuka upesi kuliko katika maji matupu. Hao ni majirani. Je, walio mbali? Mwaka 2003 wachunguzi wa Amsterdam walitumia mimweko mifupi mno ya mwanga wa infraredi, wakaona kwamba molekuli zilizo nje ya duara la kwanza la ioni hugeuka kana kwamba hapana chumvi. Miongoni mwa ioni walizotumia ilikuwamo perikloreti, iliyokuwa ikihesabiwa kati ya wavunjaji! Haki yanilazimu kuongeza kwamba mwaka 2010, huko huko Amsterdam, ilionekana kuwa jozi kama magnesiamu na salfeti huweza kushirikiana zikazibana hata molekuli za mbali kidogo. Lakini huko ni kubana, siko kuvunja.

Utasema, msomaji, kwamba hili ni neno tu, nalo halimdhuru mtu. Lamdhuru. Duniani wapo wauzao maji waliyodai kuyapanga muundo mpya, eti huponya maradhi, na bei yao haina haya. Aliyefundishwa kwamba maji ni jengo atawajibu nini? Atafungua mfuko. Aliyefundishwa umri wa vifungo vile atauliza ni muundo gani uliodumu hata chupa ikafungwa kifuniko.

Shuleni kwenu pana saa na mirija myembamba ya kioo. Pitisha maji matupu, uhesabu sekunde. Kisha pitisha myeyusho wa iodidi ya potasiamu, kipimo kile kile, joto lile lile, ukikumbuka kwamba myeyusho huo ni mzito kuliko maji na uzito wake nao huusukuma. Andika sekunde ulizohesabu. Usiandike kwamba umeona kitu kikivunjika.