Pedali si urembo, jua shida yako kabla ya kumwaga doo

Umeweka akiba miezi sita. Gitaa lako la umeme sasa unalimudu. Halafu video moja mtandaoni inakuonyesha jamaa akikanyaga pedali, nota inaruka hadi mawinguni. Nawe unaitaka hiyo hiyo. Tulia kwanza.

Pedali hizi haziongezi kelele. Zinabadilisha nota yenyewe, iwe nyembamba au nzito kuliko uliyopiga. Inayovuma zaidi ni Whammy ya DigiTech. Tom Morello, Mmarekani ambaye babake ni Mkenya, aliitumia katika solo ya "Killing in the Name" mwaka 1992. Jack White naye, katika "Seven Nation Army" ya 2003, alishusha gitaa hadi wengi wakadhani ni besi. Bendi yake ilikuwa na watu wawili tu, gitaa na ngoma. Alikuwa na pengo, akaliziba.

Swali ni hili: pengo lako ni lipi?

Kama hamna mpiga besi, tafuta pedali ya oktavu. Lakini chunga. Za aina ya zamani kama Boss OC-2 hushika nota moja moja; ukipiga nota kadhaa kwa pamoja zinababaika. POG ya Electro-Harmonix inazimudu.

Kama unapiga kanisani na kiongozi wa sifa huanzisha wimbo popote koo lake linapomtuma, DigiTech Drop itashusha gitaa zima bila wewe kugusa nyuzi. Ukitaka kupanda tu, kapo itakutosha, na bei yake ni ya kutupa ukilinganisha na pedali.

Kama ni zile mbwembwe za kupaa na kushuka kwa mguu, hapo sawa, Whammy ni yako. Ila jiulize utazitumia katika nyimbo ngapi.

Ukifika dukani, usikubali kuonyeshwa na muuzaji pekee. Beba gitaa lako upige vitu vyako. Kwa mpiga benga hili ni muhimu zaidi, kwani vidole vinakimbia na pedali nyingine huchelewa kidogo. Ukihisi sauti inakufuata nyuma, rudisha. Uliza pia kuhusu adapta, hasa ukinunua ya mitumba. Whammy ya toleo la nne, kwa mfano, haitumii umeme sawa na pedali nyingi. Na ukifika nyumbani, iweke kabla ya distoshoni ili ipokee nota ikiwa safi.

Hatusemi usinunue. Tunasema usinunue shida ya mtu mwingine. Pedali haitakufundisha kupiga, na ile iliyonunuliwa kwa sababu ya video huishia chini ya kitanda ikila vumbi, nawe ukirudi kuhesabu miezi sita mingine.