Kabla ya kushusha difu, zungusha habu

Ndugu mwandishi, katika makala yako kuhusu kelele za gari umekimbilia difu mapema mno. Land Cruiser za familia ya 70 zenye habu za kufunga kwa mkono zina kipimo kisichogharimu hata shilingi. Zungusha habu zote mbili ziwe FREE, kijiti kidogo cha gia kiwe H2, kisha endesha. Matairi ya mbele yatazunguka, lakini difu ya mbele na propela shafti yake zimetulia. Kelele ikikoma, tatizo liko huko. Ikibaki, kwa mbele unabaki na magurudumu yenyewe, hasa beringi zake.

Mvumo unaobadilika ukikanyaga na kuachia mafuta, mimi huanzia pinioni ya difu ya nyuma. Ngurumo inayobadilika ukikata kona, beringi ya gurudumu. Na ule mlio wa "ko!" gari linapoondoka, mara nyingi ni krosi ya propela shafti: weka mawe kwenye matairi, gia huru, ingia chini uitikise kwa mkono.

Fundi akitaka kukuuzia difu nzima, mwambie kwanza amwage oili mbele yako. Ujiuji mweusi ni kawaida. Vipande vya chuma sivyo.