Lugha na Watoto: Kusema Habari za Kesho kwa Kiingereza

Mtoto anayekulia Mtwapa hukua katikati ya lugha nyingi. Nyumbani husikia Kigiriama, au Kidigo, au lugha nyingine ya wazazi wake. Sokoni, na katika kituo cha magari yaendayo Mombasa na Kilifi, husikia Kiswahili. Akiingia shule hukutana na Kiingereza. Yapo mambo mengi yanayomtatiza katika lugha hiyo ngeni, lakini moja lastahili kuangaliwa na kila mzazi, nalo ni namna ya kusema habari za wakati ujao. Maana mtoto asiyeweza kusema habari za kesho katika lugha anayofundishwa hawezi kutoa ahadi kwa lugha hiyo, wala kueleza shauri lake, wala kumjibu mwalimu aulizaye kitakachoupata mche usiponyweshewa maji.

Watu wengi hudhani ya kuwa mtoto wa Kiingereza halioni jambo hili kuwa gumu hata kidogo. Sivyo. Katika mwaka wa 1962 Roger Brown, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alianza pamoja na wenzake kuyafuatia maneno ya watoto wadogo watatu, waliopewa majina ya Adam, Eve na Sarah. Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1973. Miongoni mwa maneno ya mwanzo waliyotumia watoto hao kwa mambo yasiyotendeka bado yalikuwamo "wanna", yaani nataka, na "gonna", yaani niko karibu kufanya. Mtoto huanza na kile akitakacho sasa hivi, na kile ambacho mkono wake umekwisha kukinyoshea. Kesho ya mbali huja baadaye. Hata akilishika neno "tomorrow", huweza kulitumia muda mrefu kwa siku yo yote isiyofika, iwe ya kesho au ya mwezi ujao.

Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kulistaajabia jambo hilo. Wataalamu wa lugha wameeleza ya kuwa alama yetu ya -ta-, kama katika "atakuja", imetokana na kitenzi cha kutaka. Ushahidi ungali mdomoni mwetu kila siku, kwani tusemapo "atakayekuja" au "atakapokuja", neno "taka" laonekana zima bila kukatwa. Na neno la Kiingereza "will" lilipita njia hiyo hiyo. Zamani maana yake ilikuwa kutaka, na hata leo neno hilo ni jina la wasia, yaani matakwa ya mtu yatakayotimizwa baada ya kufa kwake. Basi Mwingereza na Mswahili, ingawa hawakushauriana, wote wawili waliichukua kesho kutoka katika kutaka. Mgiriama na Mdigo nao wana alama yao ya -nda-, na msikilizaji huweza kuifananisha na kwenda, kama vile Kiingereza kisemavyo "going to".

Kwa hiyo mtoto wa Mtwapa haingii darasani mikono mitupu. Maana ya wakati ujao anayo tayari. Lililobaki ni kujifunza vazi lake jipya. Lakini katika kulivaa vazi hilo hukwama mahali patatu.

Kwanza, Kiingereza kina njia zaidi ya moja. Mtu akiona mawingu meusi yakitanda juu ya bahari husema "It is going to rain", kwa sababu dalili ziko mbele ya macho yake. Akimwona mama mzee amelemewa na mzigo, akakata shauri papo hapo kumsaidia, husema "I will carry it". Na akiwa amekwisha kupanga safari yake husema "I am going to Mombasa tomorrow", kama sisi tusemavyo "Kesho naenda Mombasa". Mtoto aliyefundishwa "will" peke yake ni kama mkulima aliyepewa jembe bila panga: kulima atalima, lakini kichaka kitamshinda.

Pili, mtoto husema "He will goes". Kosa hili huwakasirisha wengi, lakini yafaa lichunguzwe. Mtoto amefundishwa kwa bidii ya kuwa baada ya "he" kitenzi hupata herufi ya s mwishoni, naye ameifuata amri hiyo hata mahali isipotakiwa. Hilo ni kosa la mtu anayefikiri; huonyesha ya kuwa sheria imeingia, na imebaki kuonyeshwa mpaka wake tu.

Tatu, na hapa ndipo penye faida kubwa, mtoto husema "When father will come, we will eat". Ameitoa wapi "will" ya kwanza? Ameitoa katika "Atakapokuja baba, tutakula". Kiingereza hakikubali alama ya wakati ujao baada ya "when" ya namna hii. Hutaka "When father comes". Lakini Kiswahili chenyewe kina dawa yake. Mwambie mtoto aseme kwanza "Baba akija, tutakula". Katika "akija" hamna -ta-. Basi afuate mfano huo katika Kiingereza, asitie "will" katika sehemu ya kwanza. Na kwa "if" ni vivyo hivyo: "Mvua ikinyesha, tutapanda" huwa "If it rains, we will plant". Mtoto aliyezoea kusema "ikinyesha" amekwisha kupata nusu ya somo.

Hapo wazazi wana jambo la kuangalia. Kwa miaka mingi, na hasa tangu ripoti ya kamati ya Gachathi ya mwaka 1976, shauri lililotolewa Kenya ni kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya mahali, na Kiingereza kiwe somo mpaka mtoto afike darasa la nne. Lakini shule nyingi, hasa za kulipia, huanza na Kiingereza siku ya kwanza, na wazazi wengi hufurahi. Wengine huiacha hata lugha yao nyumbani, wakamsemesha mtoto Kiingereza cha maneno machache wasichokimiliki wenyewe. Nia yao ni njema, lakini hasara yake ni kubwa. Mtoto huyo hupokonywa "akija" na "ikinyesha" kabla hajapewa kitu cha kuwekwa mahali pake. Lugha ya nyumbani si maskini: Kiswahili kina kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, hali Kiingereza cha siku hizi kina neno moja tu la "tomorrow", na kupita hapo mtu sharti ahesabu siku.

Basi yafaa mzazi azungumze na mtoto habari za siku zijazo kwa lugha aijuayo vizuri. Amwulize jioni: Kesho tutapanda nini? Mvua isiponyesha tutafanyaje? Nazi zikiuzwa, fedha zitatumika kwa kazi gani? Mtoto akikosea Kiingereza asichekwe wala asipigwe. Arudishiwe sentensi iliyo sawa kwa upole, apate kuisikia. Na mzazi asemapo "nitakununulia kitabu", na akinunue. Mtoto asiyeona "nitakununulia" ya nyumbani ikitimizwa, "will" ya shuleni ataijua kwa mtihani tu.