Mwamuzi naye ni mtoto wa mtu



Wiki hii tunaanza na aibu yetu wenyewe. Jumamosi tulikwenda kuwatazama watoto wetu wakicheza mpira. Filimbi ilikuwa mikononi mwa binti wa miaka 19, mtoto wa mwenzetu anayeuza samaki sokoni. Dakika za mwisho akatoa penalti dhidi ya timu yetu. Tukapiga kelele. Mmoja wetu akamwambia aende nyumbani kutwanga sombe, na wengine tukacheka. Ndipo mama yake akainuka katikati yetu, bila neno, akaenda kusimama peke yake nyuma ya goli la pili. Kicheko kikatukauka mdomoni.

Hatutaji jina la aliyetukana, kwa sababu sote tulikuwa pale.

Tumekaa tukafikiri juu ya binti mwingine, Salima Mukansanga, aliyezaliwa mwaka 1988 Rusizi, Rwanda, ng'ambo tu ya Bukavu. Tunajua wengine watakunja uso wakisikia jina la nchi hiyo; sisi wa Kisangani hatujasahau zile siku sita za Juni 2000. Lakini leo tunazungumza juu ya mtoto wa kike na filimbi yake.

Salima alipenda basketboli kwanza. Alipoomba kujifunza uamuzi wa mpira, aliambiwa bado ni mdogo. Akaanza kujisomea sheria mwenyewe. Alisomea pia uuguzi na ukunga. Mwaka 2012 akaingia kwenye orodha ya waamuzi wa kimataifa wa FIFA. Mwaka 2018 akasafiri hadi Uruguay, kuchezesha Kombe la Dunia la wasichana wasiozidi miaka 17. Mwaka uliofuata, Kombe la Dunia la wanawake, Ufaransa. Tarehe 18 Januari 2022, pale Yaoundé, akawa mwanamke wa kwanza kuwa mwamuzi wa kati katika Kombe la Afrika la wanaume, Zimbabwe ilipocheza na Guinea. Mwaka huohuo akaitwa Qatar, kati ya wanawake watatu wa kwanza kuteuliwa kuwa waamuzi wa kati katika Kombe la Dunia la wanaume.

Angalieni vizuri: kabla ya wanaume wa Yaoundé, palikuwa na watoto wa Uruguay. Kuchezesha watoto si kazi ndogo. Mtoto akianguka analia kweli. Akikosa penalti anadhani dunia imekwisha. Katika mashindano ya nje timu mbili na mwamuzi wanaweza kuwa hawana lugha moja, basi filimbi, mkono na uso ndivyo vinavyosema. Mwamuzi anasimamisha mchezo kichwa kikigongwa, anamwita daktari, anamtuliza aliyekasirika kabla hajapata kadi. Kazi hiyo wamama tunaijua; tunaifanya kila jioni parselani.

Na mwili nao unapimwa. Mwamuzi wa kimataifa hukimbia mbio 6 za mita 40, kisha mita 75 za kukimbia na 25 za kutembea, mara 40 mfululizo. Hiyo ni kilometa nne. Baada ya hapo lazima shirikisho la nchi yake lipeleke jina lake FIFA, na orodha hufanywa upya kila mwaka. Pasipoti, viatu, lugha, muda wa mazoezi: vyote vinagharimu.

Lakini mwanzo wa safari hiyo yote ni uwanja wa vumbi kama ule wa Jumamosi. Binti akivunjwa moyo pale, hatafika hata ligi ya mkoa. Na watoto wetu wanaocheza wanatusikiliza. Mvulana aliyemsikia mama yake akimtukana mwamuzi wa kike, kesho atamtukana dada yake, na keshokutwa mke wake.

Kuhusu ile penalti, mpaka leo hatujakubaliana kama ilikuwa halali. Haidhuru. Waamuzi wakubwa hukosea pia, hata wenye video. Kukosea kwake hakukutupa ruhusa ya kumvua heshima.

Jumapili tulikwenda nyumbani kwao, watano, na mkungu wa ndizi juu ya toleka. Tuliomba msamaha kwa mama kwanza, kisha kwa binti. Alitusikiliza kimya. Halafu akasema viatu vyake vimepasuka, na kwamba Jumamosi atakuwa uwanjani, kama viatu vitakuwepo.

Basi tumeamua mambo matatu. Kwanza, kutoka kwenye kasha la kikundi tutanunua viatu. Kila mmoja aongeze alichonacho siku ya likelemba. Pili, uwanjani tutashangilia watoto wote, na neno kwa mwamuzi litakuwa moja tu: asante, mchezo ukiisha. Tatu, mwenye binti anayependa kukimbia na kusoma sheria amlete; yule wa kwanza amekubali kumfundisha.

Tuonane Jumamosi, saa tisa. Na mama wa samaki, tafadhali, usisimame peke yako tena. Tumekuwekea nafasi katikati yetu.