Kiingereza cha Dubai hakitoshi kwenye chumba cha mtihani

PEPO ZA KASKAZI
Na Rehema Mwachofi, Dubai

Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wauguzi wa Kenya kufanya kazi katika hospitali za Uingereza. Haukupita muda mrefu, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akatoa habari iliyowaduwaza watu: kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10. Mitandaoni watu walicheka sana. Mimi sikuona cha kuchekesha. Hao ni watu waliosomea uuguzi kwa Kiingereza na kuandika ripoti za wodi kwa Kiingereza. Ukiona watu wa namna hiyo wameanguka kwa wingi kiasi hicho, usiulize kama wanajua Kiingereza. Uliza walijiandaa vipi.

Swali hilo linatugusa sisi tunaoishi Dubai kuliko wengi. Kwa Waafrika Mashariki wengi mji huu ni mahali pa kuunganishia safari. Mtu anakuja kuwa mlinzi, mhudumu wa mkahawa au muuguzi wa kliniki, anatuma pesa nyumbani, na pembeni anatafuta njia ya kwenda Uingereza, Canada au Australia. Njia hizo zinapitia IELTS, mtihani wa Kiingereza, au mtihani unaofanana nao, na masharti yanazidi kukazwa. Julai 2025 Uingereza iliacha kupokea walezi wapya wa wazee na wagonjwa kutoka ng'ambo, na Januari 2026 ikapandisha kiwango cha Kiingereza kwa waombaji wapya wa viza ya wafanyakazi wenye ujuzi kutoka B1 hadi B2. Baraza la Uuguzi na Ukunga la huko linadai alama (bendi) 7 za IELTS katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Ada ya mtihani hapa inazidi dirhamu 1,000, na matokeo yanadumu miaka miwili tu. Kwa mlinzi anayelala chumba kimoja na wenzake wanane huko Al Quoz, kuurudia mtihani ni kuikosesha familia karo ya muhula.

Lalamiko ninalolisikia zaidi ni hili: wagonjwa wananielewa, daktari wa Kihindi ananielewa, mkuu wa zamu kutoka Ufilipino ananielewa, mbona nimepewa 6? Jibu limo katika vigezo vya usahihishaji, ambavyo wenye mtihani wamevichapisha hadharani na ambavyo watahiniwa wachache hujisumbua kuvisoma. Katika kuandika, mtu wa bendi 6 anafanya makosa ya sarufi, ila ni nadra makosa hayo kumzuia msomaji kuelewa. Mtu wa bendi 7 ana sentensi nyingi zisizo na kosa hata moja. Kueleweka, basi, ndiko kunakokupa 6.

Na Dubai inafundisha kueleweka, tena inafundisha vizuri. Kiingereza cha mapokezi ya hoteli, cha mabasi ya kampuni na cha maduka ya Deira kimejengwa na watu wa Kerala, Manila, Kathmandu, Peshawar, Kampala na Kakamega, ambao karibu wote walikikuta shuleni au kazini. Kinaacha vibainishi kama "a" na "the", kinaacha nyakati, kinabakiza neno lenye kazi. "Sir, you come tomorrow, manager no here," na mteja anaelewa, anarudi kesho. Nakiheshimu Kiingereza hicho, maana ndicho kinachotuwezesha kufanya kazi bega kwa bega na watu wa mataifa yasiyohesabika. Lakini ukikizungumza saa kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, kinakuingia mwilini. Wapo wenzetu waliotoka nyumbani na alama nzuri za Kiingereza za kidato cha nne, na leo wanaandika kama wanavyoagiza chai.

IELTS haina karatasi ya sarufi wala karatasi ya msamiati. Ina kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, basi. Wengine wakiliona hilo huamua kwamba sarufi haina haja, wakatumia miezi yao kutazama video za mbinu. Ukweli ni kwamba katika kuandika na katika kuzungumza, sarufi peke yake ni robo ya alama, na msamiati ni robo nyingine. Hata katika kusikiliza, ambako mara nyingi unajaza neno moja au mawili tu, ukisahau "s" ya wingi au ukikosea tahajia, jibu hilo halina alama. Sisi ambao wingi wetu unakaa mwanzoni mwa neno, sikio letu halikuzoea kuungoja mwishoni.

Hapo ndipo ningetaka mazoezi yaanzie, kwenye makosa yetu wenyewe. Vitabu vya mazoezi vimeandikwa kwa ajili ya dunia nzima, havimjui msemaji wa Kiswahili. Yeye ana makosa yake, nayo yana asili. Muuguzi anaandika "the patient has slept" akimaanisha mgonjwa yuko usingizini, kwa sababu kichwani mwake kuna "amelala". Anasema "she has worn a mask" kwa kuwa "amevaa barakoa", na hali msikilizaji wake anangoja "she is wearing". Kiambishi chetu cha -me- kinabeba tendo lililokwisha pamoja na hali iliyobaki, na Kiingereza kinavitenganisha viwili hivyo. Kiambishi hichohicho ndicho kinachomfanya mtu aandike "I have seen him yesterday", maana "nimemwona jana" halimkwaruzi sikio hata kidogo. "Yeye" wetu hana jinsia, kwa hiyo barua ya kumhamisha bibi wa miaka sabini inaanza na "she", na ikifika katikati bibi amegeuka "he". Tunajadili kuhusu jambo, basi tunaandika "discuss about". Tunahesabu vifaa na mashauri, basi tunaandika "equipments" na "advices". Na "the" inawekwa palipo na nafasi, kama chumvi.

Hakuna kosa hapo linalomzuia msomaji kuelewa, na ndiyo sababu hakuna anayekurekebisha kazini. Lakini makosa hayo yakirudi katika kila aya, yanakubakiza kwenye 6 mwaka mzima. Orodha yenyewe ni fupi. Mtu akijua makosa yake saba au manane ya kudumu, akayaandika nyuma ya daftari na kuyasaka katika kila anachoandika, atafika mbali kuliko aliyemaliza kozi tatu za video.

Kuhusu msamiati tunapotea kwa namna nyingine. Asubuhi kwenye metro utawaona vijana wetu wakipitisha kidole kwenye simu, wakikariri "plethora", "myriad" na "ubiquitous". Shule zetu zilitulea hivyo. Mwenye neno zito kwenye insha alisomewa mbele ya darasa. Watahini wa IELTS wanaangalia jambo jingine, nalo ni kama maneno uliyoyaweka pamoja huwa yanaandamana. Mvua kwetu ni kubwa, kwa Waingereza ni nzito. Uamuzi wao "wanautengeneza", sisi tunautoa au tunaufikia. Kwa hiyo neno lisikaririwe peke yake. Likaririwe na mwenzake, likatungiwe sentensi kuhusu jambo unalolijua, mathalani zamu yako ya usiku, mwenye nyumba wako au mtoto wako aliye Voi. Neno ulilolitumia mara tano katika sentensi zako litakujia ukiwa umekaa mbele ya mtahini, na mazungumzo hayo ni ya dakika 11 hadi 14 tu. Neno la kwenye orodha halitakuja.

Kitabu cha Raymond Murphy, "English Grammar in Use", kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1985, kinazunguka mikononi mwetu hapa, nakala zimechakaa, majibu yameshajazwa kwa penseli na wapangaji watatu waliotangulia. Ni kitabu kizuri na sitamwambia mtu akiache. Lakini zoezi la kujaza pengo lina kasoro ambayo lazima isemwe. Mtunzi ameshakuonyesha pengo lilipo. Ameshakwambia kwamba hapa pana jambo la kufikiria. Ukiandika insha ya maneno 250, hakuna pengo. Hakuna anayekunong'oneza kwamba kati ya "nurse" na "hospital" palikosekana kitu. Ndiyo maana mtu anapata 18 kati ya 20 katika zoezi la vibainishi, na kwenye insha yake vibainishi havipo. Mitihani ya KCSE ya kidato cha nne nayo ilituzoesha sarufi ya aina hiyo, ya kuandika sentensi upya kwa kufuata maagizo, na tukaamini kwamba ndiyo sarufi yenyewe. Baada ya kila zoezi la Murphy, funga kitabu uandike aya moja yako.

Kwa wauguzi nina neno la ziada. Tangu mwishoni mwa 2017 baraza la Uingereza linapokea pia mtihani wa OET, uliotungwa kwa ajili ya watu wa afya. Humo huombwi kueleza grafu ya mauzo ya magari, kazi ambayo muuguzi wetu hajawahi kuifanya maishani. Unapewa kumbukumbu za mgonjwa na dakika 45, unaandika barua ya kumhamisha au kumruhusu aende nyumbani, maneno 180 hadi 200. Msamiati ni ule wa wodini. Ada yake inauma, na sarufi inapimwa humo pia, lakini aliyeshindwa IELTS mara kwa mara kwenye kuandika peke yake anapaswa kuufikiria.

Najua lipo swali la haki, na sitalipita kimya. Kiingereza ni lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010. Hata hivyo, orodha ya serikali ya Uingereza ya nchi ambazo raia wake husamehewa kuthibitisha Kiingereza chao haina nchi hata moja ya Afrika. Mtu aliyefundishwa Biolojia, Historia na Hesabu kwa Kiingereza tangu utotoni analipa ili athibitishe jambo ambalo raia wa Malta haulizwi. Nchi iliyotuachia lugha hiyo ndiyo inayotudai risiti yake, na serikali zetu zinapaswa kulisema hilo kwa sauti kila zinapoketi kutia saini mikataba ya kupeleka watu. Lakini dada mwenye mtihani mwezi ujao hawezi kuingoja siku hiyo. Wala asidanganywe na matapeli wanaouza cheti bila mtihani kwenye simu. Kila taasisi inayopokea matokeo ina njia ya kuyahakiki kwa wenye mtihani, na pesa uliyompa tapeli hairudi.

Wengi wetu tunachokosa ni msahihishaji. Walimu wa kulipwa ni ghali. Programu za akili unde zimesaidia, ila ukiipa mojawapo insha yako inakuandikia nyingine safi, unaisoma, unaridhika, na kesho unaandika makosa yaleyale. Ukiitumia, iambie ikuonyeshe mstari wenye kosa na inyamaze. Afadhali zaidi ni watu. Maktaba ya Mohammed bin Rashid kule Al Jaddaf imefunguliwa tangu Juni 2022, ina meza na kiyoyozi, na haiko mbali na kituo cha metro cha Creek. Vyama vya Wakenya, Waganda na Watanzania hapa vinakutana kwa harusi, misiba na michango. Vinaweza kukutana kwa jambo hili pia, tena hata bila chama, watu wanne wanatosha. Kila mmoja aje na insha aliyoiandika ndani ya dakika 40 bila simu. Insha zibadilishwe. Anayeona kosa alipigie mstari bila kulirekebisha, na mwenye insha alitafute jibu mwenyewe. Na wale waliokwisha kupata bendi 7, wanaosubiri viza tu, nawaomba waje kukaa na hao wanne kabla ya kuondoka, kwa sababu wanayajua makosa haya kuliko mwalimu yeyote wa kukodi.